Mvua, Malisho na Joto la Dunia katika Nchi ya Garissa



Neno lisikikalo sana katika nchi ya Garissa, Wajir na Mandera ni hili, ya kuwa mvua imebadilika. Wazee hulisema penye kisima, na madereva wa malori hulisema hotelini wakinywa chai. Lakini wakiulizwa sababu, majibu huwa mawili, nayo hushindana. Wako wasemao kwamba mvua imeondoka kwa kuwa watu wamekata miti na mifugo imekula majani hata nchi ikabaki tupu. Wako na wengine wasemao kwamba sababu ni moshi wa viwanda vya nchi za mbali, wala mfugaji hana hatia yo yote. Jambo hili si ubishi wa barazani tu. Jibu la kwanza likishika peke yake, mfugaji atalaumiwa kwa kila ukame, naye ataamriwa apunguze wanyama wake kana kwamba wao ndio walioifukuza mvua. Jibu la pili likishika peke yake, hapana atakayejali tena mti ukatwao karibu na kisima, maana ataona kwamba mambo yote yamekwisha amuliwa ng'ambo ya bahari. Kwa hiyo yafaa majibu yote mawili yapimwe vizuri, kila moja lipewe haki yake.

Yafaa kuanza na upepo, kwa kuwa mvua ya nchi hii haitoki katika miti wala katika milima ya karibu, bali hutoka katika Bahari ya Hindi. Watu wa pwani huigawa miezi kwa masika, kusi, vuli na kaskazi. Wasomali nao huugawa mwaka sehemu nne: Gu, yaani mvua za Aprili na miezi ifuatayo, Hagaa, ukavu wa Julai hata Septemba, Deyr, mvua za Oktoba hata Desemba, na Jilaal, kiangazi kikali cha Januari hata Machi. Mji wa Garissa, ulio ukingoni mwa mto Tana, kusini kidogo ya mstari wa Ikweta, hupata yapata milimita 350 za mvua kwa mwaka wa kawaida. Nairobi hupata karibu mara tatu ya hizo. Lakini huko kusema "mwaka wa kawaida" ni hesabu ya karatasi, maana mwaka mmoja huja nusu yake, na mwaka mwingine huja maradufu, nayo huanguka kwa siku chache tu.

Wengi hustaajabu wakisema, upepo wa kusi hutoka baharini nao umejaa unyevu. Mbona basi haunyeshi Garissa mwezi wa Julai? Swali hili ni zuri, na jibu lake lilipatikana kwa sehemu katika nchi hii hii. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa hali ya hewa aliyeitwa Findlater alichungua vipimo vya mipira iliyojazwa hewa nyepesi na kurushwa angani kutoka vituo mbalimbali, na Garissa ilikuwa kimojawapo. Katika maandiko yake ya mwaka 1966 na 1969 alionyesha kwamba, mwendo wa kilomita moja na nusu hivi juu ya ardhi, upo upepo mwembamba wenye nguvu nyingi ajabu, mfano wa mto upitao kasi kati ya kingo mbili. Ukingo mmoja ni milima ya Kenya na Uhabeshi. Upepo huo hupita juu ya tambarare za Garissa, huvuka Somalia, hugeuka juu ya bahari ya Arabuni, kisha hufika Bara Hindi na kuleta mvua kubwa za huko. Hata leo wataalamu huuita kwa jina la Findlater. Nyakati nyingine, hasa alfajiri, mwendo wake hupita kilomita 90 kwa saa.

Sasa, hewa ikimbiayo namna hiyo haipati nafasi ya kupanda juu. Huvutwa na kutawanyika, na hewa ya juu hushuka kujaza mahali pake. Tena hewa ishukayo hukauka. Pamoja na hayo, upepo huo husukuma maji ya juu ya bahari mbali na pwani ya Somalia, na maji baridi ya chini huibuka mahali pake, na bahari iliyo baridi haitoi mawingu mengi. Ndiyo sababu maji yapitayo juu ya kichwa cha mfugaji wa Garissa mwezi wa Julai humwangukia mkulima wa Bara Hindi. Garissa hungoja mpaka upepo ubadilike, mara mbili kwa mwaka, jua linapovuka Ikweta na ukanda wa mvua unapolifuata. Majira hayo mawili ni mafupi. Moja likikosa, wanyama hudhoofika. Mawili yakikosa mfululizo, huanza kufa.

Hali ya bahari basi ndiyo ufunguo. Mwaka 1999 wataalamu waliokuwa wakifanya kazi katika nchi ya Japan walieleza jinsi Bahari ya Hindi inavyopanda na kushuka joto mfano wa mizani: mwaka mwingine upande wa Afrika huwa na joto kupita kawaida na upande wa Indonesia huwa baridi, na mwaka mwingine huwa kinyume. Upande wa Afrika ukiwa na joto, mvua za Deyr hufurika. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1961, mwaka ambao wazee wengi wa nchi hii bado walihadithiwa na baba zao. Mvua zile zilieneza maji kila mahali, na Ziwa Victoria likapanda zaidi ya mita mbili kabla ya katikati ya mwaka 1964. Ndivyo ilivyokuwa tena mwaka 1997, wakati maji yalipokaa juu ya nchi kwa majuma mengi na homa ya Bonde la Ufa ikatokea. Mbu wa homa ile hutaga mayai katika udongo wa mabwawa ya mvua, na mayai hayo huweza kukaa miaka mingi katika ukavu yakingoja maji. Wachunguzi walikisia baadaye kwamba katika wilaya ya Garissa peke yake watu wapata 27,500 waliambukizwa. Kondoo na mbuzi waliotupa mimba hawakuhesabika. Homa hiyo ilirudi mwishoni mwa mwaka 2006, baada ya mvua nyingi kama zile, na mara hiyo wataalamu waliokuwa wakitazama joto la bahari na ukijani wa nchi kwa setilaiti walikuwa wametoa onyo mapema.

Mambo haya ya bahari ni ya zamani, nayo yalikuwako kabla ya viwanda. Kilichoongezeka ni joto.

Si habari mpya, wala si uzushi wa wanasiasa wa leo, ijapokuwa wako wadhanio hivyo. Mwaka 1859 Mwairishi John Tyndall alipima na kuona kwamba hewa ya ukaa, ambayo hutoka katika kila kitu kiunguzwacho, huzuia joto lisitoke, mfano wa blanketi juu ya mtu aliyelala. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden alipiga hesabu ya joto litakaloongezeka duniani iwapo hewa hiyo itazidi. Mwaka 1958 Mmarekani Charles Keeling alianza kuipima kila siku juu ya mlima wa Mauna Loa, kisiwani Hawaii, na kazi hiyo ingali ikiendelea. Kabla ya viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa, sehemu 280 hivi zilikuwa hewa ya ukaa. Leo zimepita 420. Mwaka 2024 ulikuwa wenye joto kupita miaka yote iliyopimwa. Dunia ilizidi kwa digrii moja na nusu hivi ile hali ya kabla ya viwanda. Sehemu ya nchi yote ya Kenya katika moshi wa dunia haifiki hata moja kwa mia, na sehemu ya mfugaji wa Wajir ambaye hana gari wala kiwanda ni kama tone katika bahari. Katika hili wale wa jibu la pili wana haki, tena haki kubwa.

Mtu aweza kusema kwamba digrii moja ni kitu kidogo, hasa Garissa ambako joto la mchana mwezi wa Machi hupita digrii 35 bila mtu kushangaa. Lakini hesabu ya maji haiendi hivyo. Jua na upepo wa Garissa vyaweza kunyonya zaidi ya milimita 2,000 za maji kwa mwaka, ikiwa maji hayo yapo. Mvua iletayo maji hayo ni milimita 350. Yaani nchi hii hudaiwa na jua karibu mara sita ya pato lake. Nchi yenye deni namna hiyo, ukiongeza kidogo tu katika deni, hufilisika upesi. Bwawa ambalo zamani lilifika mwisho wa Jilaal hukauka majuma kadhaa mbele, na majani hunyauka kabla ya kutoa mbegu.

Jambo hili lilionekana wazi katika ukame wa juzi. Tangu Oktoba 2020 mpaka Desemba 2022 majira matano ya mvua yalikosa, moja baada ya jingine, jambo lisilokumbukwa na mtu katika miaka zaidi ya 40. Katika Kenya yapata mifugo milioni mbili na nusu walikufa. Njia za kwenda Wajir zilijaa mizoga ya ng'ombe, na watu waliokuwa na wanyama mia walikuja mijini na punda mmoja. Mwezi wa Aprili 2023 wataalamu wa nchi mbalimbali, na Wakenya wakiwamo, walitoa hesabu yao. Walisema kwamba ukame mkali namna ile umekuwa rahisi kutokea mara 100 hivi kuliko ambavyo ungekuwa bila joto la dunia. Tena waliongeza neno ambalo lastahili kusomwa mara mbili: mvua ile ile iliyonyesha, ingalinyesha katika dunia ya zamani isiyo na joto hili, isingalihesabiwa kuwa ukame. Tofauti ilikuwa katika maji yaliyonyonywa na hewa.

Kisha mwaka huo huo wa 2023, mwezi wa Oktoba na Novemba, mizani ya bahari iligeuka. Mvua zilikuja kwa nguvu, barabara ya kutoka Garissa kwenda Nairobi ikakatika upande wa Madogo, watu wakavushwa kwa mashua, na katika Kenya nzima zaidi ya watu 170 walipoteza maisha. Wenye mbuzi wachache waliosalia kwa ukame waliwaona wakichukuliwa na maji. Watu waliuliza, joto lawezaje kuleta ukame na gharika pia? Sababu ni moja. Hewa ikiongezeka digrii moja huweza kubeba maji zaidi kwa sehemu saba hivi kwa mia. Hewa hiyo hunyonya zaidi mahali palipo pakavu, na siku inapopata kunyesha, hutua mzigo mkubwa zaidi kwa mara moja.

Hata hivyo si mambo yote yaliyokwisha fumbuliwa. Hesabu nyingi za mashine za wataalamu husema kwamba Afrika ya Mashariki itapata mvua zaidi kadiri dunia inavyozidi joto. Lakini tangu miaka ya 1980 mvua za Gu zimekuwa zikipungua badala ya kuongezeka, au zimekuwa zikianza kwa kuchelewa na kukoma mapema. Wataalamu wenyewe huliita jambo hili fumbo, na baadhi yao wameona kwamba joto la bahari ya Pasifiki, mbali sana upande wa mashariki, huvuta mawingu huko. Mtu akimwambia mfugaji kwa hakika kwamba miaka 30 ijayo Garissa itakuwa jangwa, au kwamba itakuwa bustani, amesema zaidi ya maarifa yaliyopo.

Sasa lije jibu la kwanza, la ardhi na mifugo. Jibu hili lina historia ndefu, nalo limewatesa watu. Mwaka 1975 mtaalamu mashuhuri wa Marekani, Jule Charney, alieleza ukame mkubwa uliokuwa umeipata nchi ya Saheli, kule Afrika ya Magharibi. Alisema kwamba mifugo ikimaliza majani, udongo mweupe hubaki wazi, nao hurudisha mwanga wa jua juu kama ukuta uliopakwa chokaa. Hewa iliyo juu yake hushuka badala ya kupanda, na mawingu hayafanyiki. Elimu yake ilikuwa ya kweli katika msingi wake. Lakini maofisa wengi waliichukua kama hukumu, wakasema basi wafugaji wamejiletea jangwa wenyewe. Miaka ilipita, na vipimo vya bahari vikachunguzwa vizuri zaidi. Mwaka 2003 wataalamu walionyesha kwamba ukame ule uliongozwa hasa na mabadiliko ya joto la bahari. Hali ya ardhi ilizidisha ubaya, haikuuanzisha. Majani yaliporudi Saheli pamoja na mvua, ng'ombe walikuwa wangali wakilisha pale pale.

Je, yafaa kusema basi kwamba ardhi haina neno? Hapana. Ardhi ndiyo ipokeayo mvua, na namna ya kupokea ni nusu ya mvua yenyewe. Kila mwenye mtungi wa udongo ajua kwamba maji yake hupoa kwa sababu mtungi hutoka jasho. Mti na majani hufanya kazi hiyo hiyo: huvuta maji chini, huyatoa jasho hewani, na mahali pake hupoa. Nchi iliyonyang'anywa majani ni mtungi mkavu. Jua lote hugeuka kuwa joto. Tena tone la mvua likianguka juu ya udongo mtupu huupiga na kuuziba kwa tabaka gumu, na maji hukimbia juu kama juu ya bati, yakichukua mbegu na samadi mpaka korongoni. Mahali penye majani tone hilo hilo huzama. Ndiyo maana mahali pawili palipopata mvua sawa, mmoja huota na mwingine hauoti, na mwenye mahali pa pili huapa kwamba mvua haikunyesha.

Jambo la visima lastahili maneno zaidi. Kuhama kwa mfugaji si utukutu, kama walivyodhani watawala wengi, bali ni namna ya kufuata mvua isiyonyesha mahali pamoja miaka miwili. Malisho ya mvua hulishwa wakati wa mvua kwa maji ya mabwawa. Mabwawa yakikauka, watu hurudi penye visima vya kudumu, na malisho ya mbali hupumzika. Katika miaka ya 1940 mwanajiolojia Frank Dixey alitumwa na Serikali ya wakati ule kuchungua maji ya nchi iliyoitwa N.F.D., na kwa shauri lake mabwawa mengi yalichimbwa ili mifugo isirundikane mahali pachache. Shauri lenyewe lilikuwa na akili. Lakini miaka iliyofuata, visima virefu vya mashine vilichimbwa katika malisho ya mvua, na kisima kisichokauka hakimruhusu mtu kuhama. Kwanza huja ng'ombe, kisha duka, kisha shule na kituo cha polisi. Kila mmoja hutaka kuni na miti ya kujengea. Baada ya miaka 20 mtu akitazama kutoka angani aona duara jeupe kuzunguka kila kisima. Watu wanataka maji na shule, nao wana haki. Hapana awezaye kuwaambia warudi nyuma. Lakini kila mwanasiasa aahidiye kisima kipya wakati wa uchaguzi yampasa aulizwe malisho ya wapi yatapumzika.

Duara kubwa kuliko yote lilifanyika Dadaab. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilifunguliwa mwaka 1991 na 1992 kwa ajili ya watu 90,000 waliokimbia vita vya Somalia. Mwaka 2011, mwaka wa njaa, walikuwamo zaidi ya 400,000. Watu wengi namna hiyo wapikao kwa kuni, katika nchi yenye milimita 350 za mvua, hawahitaji kuwa wabaya ili wamalize miti; inatosha wawe na njaa. Wanawake walitembea mwendo mrefu zaidi kila mwaka kutafuta kuni, na wengi walishambuliwa njiani. Vipande vya ardhi vilizungushiwa ua na kupandwa miti, na majiko yasiyokula kuni nyingi yaligawanywa, na mambo hayo yalisaidia kwa kadiri yake. Wenyeji wa Garissa waliowapokea ndugu zao kwa zaidi ya miaka 30 hawajapata shukrani ya kutosha kwa miti yao.

Lakini isidhaniwe kwamba dawa ni kupanda miti tu kila mahali. Katika nchi ya Ijara, upande wa kusini wa Garissa, yapo malisho ambayo yalikuwa mbuga wazi za majani, makao ya mnyama aitwaye hirola, ambaye nchi yake ya asili ni huko na ng'ambo ya mpaka wa Somalia. Sasa hirola hawafiki 500. Mwaka 2017 mtaalamu Abdullahi Ali, mwana wa Garissa, pamoja na wenzake walitoa habari za uchunguzi wao: tangu miaka ya 1980 miti na vichaka vimeongezeka zaidi ya maradufu katika nchi ya hirola, na majani yamekimbia. Tembo waliokuwa wakivunja miti waliuawa na majangili, na malisho yaliyobanwa yalishindwa kusimama. Ng'ombe hawali vichaka. Hiyo ni sababu moja, pamoja na ukavu, ya wafugaji wengi kuacha ng'ombe na kushika ngamia.

Na mathenge je? Mti huu wa Marekani uliletwa Kenya katika miaka ya 1970 na kupandwa karibu na Mombasa katika ardhi iliyochimbwa mawe. Katika miaka ya 1980 ulipandwa Bura, Baringo na kwingineko, kwa nia njema kabisa ya kupata kuni na kuzuia upepo. Ulistawi kupita matumaini. Mbuzi hula matunda yake matamu na kuzitawanya mbegu, na sasa umefunga njia za maji, umeingia katika mashamba ya ukingo wa Tana, na mizizi yake hufuata maji ya chini. Sukari ya matunda huozesha meno. Mwaka 2006 watu wa Baringo walimpeleka mbuzi asiye na meno mahakamani Nairobi awe shahidi. Wako wachekao kisa hicho, lakini shahidi alikuwa wa kweli kuliko wengi. Watu wa Garissa wamejifunza kuukata na kuuchoma makaa, na matunda yake yakisagwa pamoja na mbegu huwa chakula kizuri cha mifugo, wala mbegu iliyosagwa haioti tena. Afadhali makaa ya mathenge kuliko makaa ya mgunga.

Juu ya mto Tana wenyewe neno ni fupi, ijapokuwa lingeweza kuwa refu. Maji yake hutoka misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua. Tangu Kindaruma mwaka 1968 mpaka Kiambere mwaka 1988 mabwawa matano ya umeme yalijengwa, na kubwa ni Masinga la mwaka 1981. Mafuriko ya kila mwaka yaliyorutubisha kingo yamepungua, bali mafuriko makubwa hayakuzuiwa, na mabwawa yakijaa maji huja kwa ghafula. Mtu akataye msitu wa Nyandarua anagusa shamba la maembe la Garissa bila kulijua.

Kwa hiyo mambo mawili haya hayapingani. Bahari na joto la dunia huamua mvua ngapi itakuja na lini. Ardhi huamua kiasi gani cha mvua hiyo kitakaa. La kwanza lina wenye deni, nao ni nchi za viwanda, na Kenya haikosei ikidai. La pili li mikononi mwa wenyeji, mradi wawe na mamlaka juu ya malisho yao. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 iliwapa nafasi ya kuandikisha malisho hayo kwa jina la jamii yenyewe, na kaunti ya Wajir mwaka huo huo ilitunga sheria ya kutenga fungu la fedha za maendeleo kwa mambo ya tabianchi, sehemu mbili kwa mia, zikitumiwa kwa shauri la kamati za wenyeji wenyewe. Kamati hizo mara nyingi hazikuchagua kisima kipya; zilichagua kutengeneza bwawa la zamani au kuweka malisho ya akiba.

Tena yako mambo mengine mawili ambayo mfugaji aweza kuyatumia sasa hivi. Moja ni takafuli ya mifugo. Ilianza Wajir mwaka 2013, kwa namna isiyovunja sheria ya Kiislamu, na Machi 2014 watu wa kwanza walilipwa. Haingoji ng'ombe afe. Setilaiti hupima ukijani wa malisho, na ukipungua kupita kiasi, malipo hutolewa ili mtu anunue majani na maji mnyama akingali hai. Si kamilifu. Yaweza kutokea setilaiti ikaona kijani, nacho ni mathenge.

La pili ni utabiri. Kabla ya Gu na kabla ya Deyr, Idara ya Hali ya Hewa hutangaza, pamoja na kituo cha nchi za IGAD kilichoko karibu na Nairobi, jinsi mvua inavyotazamiwa. Watu wengi huupuuza kwa sababu huutaka useme ndiyo au siyo. Ukisikia kwamba nafasi ya mvua chache ni 50 kwa mia, ya mvua ya kawaida 30, na ya mvua nyingi 20, maana yake ni hii: katika miaka kumi iliyofanana na huu, mitano ilikuwa ya ukavu, mitatu ya kawaida, na miwili ya mvua nyingi. Mwaka mmoja wa mvua nyingi ukitokea, mtabiri hakusema uwongo. Mwenye ng'ombe mia asikiapo hivyo mwezi wa Septemba hahitaji kuuza wote wala kukaa kimya. Aweza kupeleka kumi au kumi na watano, wale wazee na wasiozaa, katika soko la mifugo la Garissa wakati wangali na nyama na wanunuzi wa Nairobi wangali wakija, akanunua majani kwa sehemu ya fedha hizo. Mwezi wa Februari, mvua ikiwa imekosa, ng'ombe hao hao hawatasimama kwa miguu yao kufika sokoni.